Mtia Utaji: Maisha ya Ustadh Burhan bin Lutfullah wa Qazvin, 941–993

Sifa njema zote ni Zake Yeye aliyeumba kila sura pasipo kalamu wala rangi, na Kwake kila sura itarejea. Ndugu, majirani, na mafundi wa Nyumba ya Vitabu mliosimama hapa katika makaburi ya Lango la Magharibi, haya ndiyo maisha ya marehemu Ustadh Burhan bin Lutfullah. Aliagiza yasomwe yote bila kuruka neno, na yasomwe kabla watu hawajatawanyika, kwa sababu ambayo itaonekana.

Marehemu alizaliwa hapa Qazvin tarehe tisa ya Mfunguo Saba, mwaka 941 wa Hijra, katika mtaa wa watengeneza karatasi. Alikuwa mtoto wa pili wa Lutfullah msugua karatasi na mkewe Sakina. Kati ya ndugu wanne, wawili walichukuliwa na tauni ya mwaka 947 katika juma moja, na huenda ndipo hofu ilipoingia katika nyumba ile ikakosa mlango wa kutokea. Tangu utotoni Burhan alikuwa mwoga, wala hakulificha jambo hilo hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu. Aliogopa visima, aliogopa radi, aliogopa mabata bukini wa jirani. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu mwanangu akikiona kivuli chake hukiamkia kwanza, kisije kikamdhuru."

Alisoma katika chuo cha Mulla Yadgar, akahitimu Kurani akiwa na umri wa miaka tisa. Mwaka 952 baba yake alimpeleka katika Nyumba ya Vitabu ya kasri, akakabidhiwa kwa Ustadh Zeynuddin wa Herat. Kwa miaka mitatu hakufanya kazi nyingine ila kupiga mistari ya ukingo wa kurasa: mmoja wa dhahabu, miwili myeusi, mmoja wa buluu, tangu jua kuchomoza hadi alasiri. Baada ya hapo alifundishwa kutia dhahabu. Ustadh Zeynuddin hakuwa mtu wa kusifu, lakini siku moja aliuinua ukurasa wa mwanafunzi wake kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mkono usiotetemeka una faida moja na hasara moja. Faida ni mistari. Hasara ni kwamba utapewa kazi ambazo wenzako wamezikimbia."

Brashi nyembamba kuliko zote hutengenezwa kwa manyoya ya koo la paka mchanga, na mafundi wengi huyang'oa tu. Burhan hakuweza. Alikuwa akiwalisha paka wa mtaa maini ya kondoo, akingoja washibe na kusinzia, kisha akiwachana kooni polepole kwa kitana cha mfupa na kuhesabu nywele zilizobaki kwenye meno yake. Brashi moja ilimchukua mwaka. "Wenzio wanawakamata paka," Ustadh Zeynuddin alimwambia, "wewe unawaposa."

Kuposa kwenyewe, alipoposa mke, hakukuwa kwepesi. Mwaka 963 alikwenda kwa Mulla Asadullah, mwadhini, kumwomba binti yake Mahbanu. Mzee alimkalisha, akampa sharubati ya komamanga, kisha akamkazia macho.

"Wewe ni mtu wa picha," akasema. "Siku ya Kiyama wachoraji wataambiwa wavipulizie roho walivyovichora. Hawataweza. Binti yangu atakuwa amesimama wapi saa hiyo?"

"Mimi napiga mistari na kutia dhahabu, mzee wangu. Sijawahi kuchora hata shomoro."

"Na wakikuamuru?"

"Nitaomba nipewe majani."

Mulla Asadullah alicheka mpaka sharubati ikammwagikia. Alimwambia mkewe, kwa sauti ambayo mposaji aliisikia vizuri, "Mwoga huyu. Mwoga hampigi mke. Mpeni." Walifunga ndoa tarehe mbili ya Mfunguo Mosi mwaka huo huo, wakaishi pamoja miaka thelathini kasoro siku chache. Mwenyezi Mungu aliwajaalia mtoto wa kiume, Haydar, na wa kike, Nigar.

Mwaka 966 ilishuka amri kutoka kasrini kwamba vitabu vyote vya zamani ambamo nyuso za Mitume zilichorwa wazi vitafutwe katika hazina, na kila uso utiwe utaji mweupe wa rangi, usionekane. Hakuna aliyesema kuwa amri ilikuwa mbaya. Wengi waliipenda. Lakini kuipenda ni jambo moja, na kuuelekezea uso wa Mtume brashi yenye rangi ni jambo jingine. Asubuhi ya pili Nyumba ya Vitabu ilijaa wagonjwa: huyu macho, yule mgongo, mwingine amefiwa na shangazi ambaye wote walikuwa wamemwona sokoni jana yake. Mirza Qutbuddin, Mkuu wa Nyumba ya Vitabu, alipita kati ya meza hizo tupu hadi alipoikuta iliyokuwa na mtu.

"Burhan. Wewe mkono wako hautetemeki."

"Mkono hautetemeki, Mirza. Ninayetetemeka ni mimi."

"Hiyo haituhusu. Tunauhitaji mkono."

Hivyo ndivyo alivyopewa kazi iliyomfanya ajulikane. Kila siku alitawadha, akaswali rakaa mbili, akaketi. Kwa kuwa aliogopa kuzitazama nyuso hizo, na aliogopa zaidi mkono wa kanzu yake usije ukazichafua, alibuni njia yake mwenyewe. Alikata karatasi nzito yenye tundu la ukubwa wa lozi, akaufunika nayo ukurasa mzima, akaacha uso mmoja tu ukionekana tunduni. Mitume katika picha zile hutambulikana kwa miali ya dhahabu inayowaka nyuma ya vichwa vyao. Basi Burhan alitafuta miali kwa upande wa jicho, akaweka tundu, akalamba ncha ya brashi ili ichongoke, akachovya katika weupe wa risasi, rangi ya madini ya risasi iliyokorogwa kwa gundi, akapaka. Picha nzima hakuitazama. Maandishi yaliyokuwa juu yake hakuyasoma. Aliiona njia hiyo kuwa ndiyo heshima, na wenzake wakaiona hivyo hivyo. Kwa miaka minane alitia utaji nyuso zaidi ya mia nne, na Mirza Qutbuddin alizikagua zote, akizigongea muhuri wake.

Sasa inafika sehemu ambayo marehemu aliitaka isomwe polepole.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Rajabu, mwaka 974, baada ya sala ya adhuhuri. Burhan alikuwa amemaliza kitabu cha visa vya Mitume kilichoandikwa Herat miaka mia moja kabla yake, chenye picha thelathini na moja. Kabla ya kurasa kushonwa tena, Mulla Hatam, msahihishaji wa maandishi, alikuwa akizisoma kwa sauti ili kuhakikisha hakuna iliyopotea mahali pake, naye Burhan akizigeuza na kuzipuliza vumbi. Mulla Hatam akafika kwa Nabii Sulaiman, amani iwe juu yake. Akasoma jinsi jini alivyoiiba pete, akavaa sura ya Sulaiman, akaketi kwenye kiti chake cha enzi siku arobaini, na jinsi Sulaiman mwenyewe alivyotoka maskini, akawa anabeba samaki ufukweni, asitambuliwe na mtu.

"Soma tena, Mulla," Burhan akasema.

"Wapi?"

"Kwenye kiti. Aliyeketi kwenye kiti ni nani?"

"Jini, bwana! Hukijui kisa hiki? Mwanangu wa miaka sita anakijua."

Burhan alikijua kisa hicho tangu chuoni. Asichokijua ni kwamba picha ile ilikuwa ya kisa hicho. Alitazama chini. Juu ya kiti cha enzi, kati ya mawaziri waliosujudu, ameketi yule aliyemtia utaji yeye mwenyewe siku ya Jumatatu, akiongozwa na miali. Mchoraji wa Herat alikuwa amempa jini miali, ama kwa kuwa jini ni wa moto, ama kwa kuwa alimwibia Sulaiman kila kitu pamoja na nuru yake. Na kwenye pembe ya chini, miguu mitupu, kapu la samaki begani, yuko Mtume mwenyewe. Hana miali. Uso wake wazi, kama wa mpagazi yeyote.

Mulla Hatam, ambaye macho yake yalitosha herufi tu, hakuona kitu, akaendelea na ukurasa uliofuata.

Weupe ule ukishakauka hautoki ila kwa maji, tena kidogo kidogo, na mara nyingi huondoka na uso ulio chini yake. Kazi hiyo ilihitaji siku nzima. Burhan hakupata hata saa moja. Kabla ya alasiri watu wa kasri walifika na sanduku lao, kurasa zikashonwa mbele yao, na Mirza Qutbuddin, aliyekuwa amekwisha kuikagua kazi kwa kuhesabu nyuso zilizotiwa utaji, akabonyeza muhuri. Kisha akamwona fundi wake amesimama mlangoni, mdomo wazi.

"Una neno, Burhan?"

"Sina, Mirza."

Alisema hivyo kwa sababu miezi miwili nyuma mtia dhahabu mmoja alikatwa kidole gumba kwa kuliweka jina la mfalme chini ya mstari badala ya juu. Naye Burhan alikuwa amemvika shetani heshima ya Mtume, akamwacha Mtume bila heshima. Hakuona ni kiungo gani kingetosha kulilipia kosa hilo.

Jioni hiyo alimweleza mkewe. Mahbanu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Kitabu hicho wanakisoma, au wanakiangalia?"

"Wanakibusu," akajibu.

Maana ndiyo iliyokuwa desturi ya watu wa kasri: kuzibusu nyuso za Mitume zilizotiwa utaji, na kujipaka baraka zake machoni. Kidole chake gumba alikihofia kwa majuma machache. Midomo ya watu wasio na habari aliihofia maisha yake yote.

Haukupita mwezi mmoja kabla hofu hiyo haijamfuata nyumbani. Mahbanu alikuwa katika hamamu ya wanawake, hina kichwani, alipoketi kando yake Dilaram, mtumishi wa Bibi Mkubwa, shangazi yake Shah.

"Bibi siku hizi kapata kitabu, mwenzangu," Dilaram akasema. "Kila alfajiri picha moja. Anaibusu, analia, ndiyo staftahi inaruhusiwa kuingia. Leo kammaliza Daudi."

"Na baada ya Daudi?"

"Mwe! Binti wa mwadhini unaniuliza mimi? Si mwanawe, Sulaiman!"

Mahbanu alirudi nyumbani na hina haijaoshwa. Mume na mke waliketi wameegemea ukuta wakisoma aya za kinga mpaka sauti ya Burhan ikakauka. Siku ya tatu habari zikafika mtaani kwamba Bibi Mkubwa amevimba shavu. Burhan alilala chini akaomba aletewe sanda. Mahbanu alivaa baibui akaenda kuuliza, akarudi amekasirika. "Ni jino! Kinyozi keshaling'oa, na Bibi anakula wali. Inuka, mume wangu, unatuchulia." Aliinuka. Lakini kwamba lilikuwa jino tu, hakuliamini hata siku moja.

Mwaka 976 kitabu hicho kilichaguliwa kuwa miongoni mwa zawadi za Shah kwa Sultani wa Rum, mtawala wa Waturuki, kikaondoka Qazvin kwa ngamia. Mafundi walipongezana. Burhan aliutazama msafara ukipita langoni, akajua kwamba sasa kosa lake halifikiki tena. Akaanza kuwaza mambo ambayo hakuwa ameyawaza. Siku moja mwanachuoni wa kule atasoma maandishi, kisha ataitazama picha, naye atasema, "Wametuletea Ibilisi katika vazi la Mtume ili watucheke." Vita na Rum vilipozuka mwaka 986, watu mtaani waliuliza sababu, na kila mmoja alikuwa na yake. Burhan alikuwa na yake pia. Mwanawe Haydar alipoitwa jeshini, baba alimfunga mkanda kiunoni pasipo kuthubutu kumtazama usoni. Haydar alirudi, Alhamdulillahi, na mguu mmoja mzito. Kila hatua ya mguu huo ilisikika katika nyumba ile.

Isidhaniwe kwamba alikaa bure. Tangu Alhamisi ile aliichana karatasi yake ya tundu. Hakutia tena utaji wowote kabla ukurasa haujasomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, na kabla hajaitazama picha nzima, uso kwa uso, akitokwa jasho. Alimfundisha binti yake kusoma ili amsomee, kisha kupiga mistari, kisha kutia dhahabu. Wakati wa kumfundisha hakuwa mkali ila kwa jambo moja. "Usikimbilie kwenye mwanga," alikuwa akimwambia. "Soma kwanza."

Ugonjwa ulimwanza mwaka 991 kwa maumivu ya tumbo yaliyomkunja. Ufizi wake ukapigwa mstari wa rangi ya samawati iliyokolea. Mwaka uliofuata mkono wake wa kulia ukaanguka kifundoni, ukawa unaning'inia kama wa mtu anayeomba. Tabibu aliuinua, ukaanguka tena.

"Ustadh, wewe hulamba brashi?"

"Mafundi wote hulamba."

"Wenzako hulamba buluu na kijani, leo hii kesho ile. Wewe umelamba weupe wa risasi miaka ishirini na tano, na risasi ni sumu."

Marehemu alimshukuru kwa adabu. Alipoondoka, alimwambia Mahbanu, "Wameukata mkono wangu bila kisu."

Tarehe kumi ya Shaabani mwaka huu, Mirza Qutbuddin alikuja kumjulia hali, amebeba mishmishi katika kitambaa. Waliongea habari za bei ya karatasi na baridi ya mwaka jana. Kisha marehemu akasema, "Mirza, nina neno."

"Unalo tangu mwaka 974," Mirza akamjibu. "Nilikuona ulivyosimama mlangoni. Kesho yake nilikwenda kasrini nikakifungua."

"Ukaona?"

"Nikaona. Na muhuri ulikuwa wangu, Burhan, si wako. Tangu siku hiyo kila ulipopita mlangoni kwangu nilijifanya nasoma, nikidhani umekuja kuniambia kwamba unakwenda kusema."

"Na mimi nilijifanya natafuta gundi."

Walitazamana, wakacheka mpaka mgonjwa akakohoa, na kutoka nyuma ya pazia sauti ya Mahbanu ikasikika: "Watu wazima wawili! Miaka kumi na tisa! Na mimi katikati nachemsha dawa za usingizi!"

Kicheko kilipokwisha, marehemu alimweleza anachotaka kisomwe kaburini. Mirza alikikunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Mkilisema hilo hadharani, siku hiyo hiyo mtazika wawili. Ningoje nife kwanza."

"Kuna mtu huko Rum, Mirza, anaamka alfajiri, anatawadha, anambusu. Labda leo. Labda ni bibi mzee. Nimngojeshe mpaka lini?"

Mirza alikiweka kitambaa magotini. Hatimaye akasema, "Wasome. Nitasimama safu ya mbele, ili wanaonitaka wasipate taabu ya kunitafuta."

Yupo. Amesimama safu ya mbele.

Ustadh Burhan bin Lutfullah alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne ya Ramadhani, mwaka 993, baada ya alasiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Saa yake ya mwisho alimwomba binti yake amsomee namba ya karatasi aliyoiandikisha, isije ikakosewa. Alisomewa. Akaomba asomewe tena. Akasema, "Ndiyo hiyo," na baada ya hapo hakusema tena.

Basi sikilizeni, mlio na safari, mlio na ndugu wafanyabiashara huko Rum, mlio na jamaa katika misafara ya hariri. Ni kitabu cha visa vya Mitume, jalada jekundu lenye nyota ya dhahabu, mwandiko wa Herat. Karatasi ya mia mbili na kumi na mbili, upande wa kushoto. Aliyeketi kwenye kiti na utaji mweupe si Mtume. Asibusiwe. Mtume ni yule wa pembeni chini, mwenye kapu la samaki. Atakayemfikia mtunza vitabu wa huko na amwambie kwamba kosa ni la Burhan wa Qazvin, si la Shah, si la watu wa mji huu, na kwamba aliyelifanya hakukusudia dhihaka bali aliogopa kutazama. Familia inaujua uzito wa kuyasema haya mbele ya watu, na leo mlango wa nyumba yake haukufungwa kwa yeyote atakayekuja kuiuliza.

Marehemu ameacha mjane, Mahbanu binti Asadullah. Mwana, Haydar, mshona vitabu. Binti, Nigar, mpiga mistari na mtia dhahabu. Dada yake, Khatunjan, aliyeko Sultaniya. Na wajukuu wawili, watoto wa Haydar, Safi na Zubayda.

Anawaomba radhi ninyi nyote, na kila aliyebusu. Mwenye kumsamehe na aseme kwa sauti kwamba amemsamehe, kwa maana katika mambo yote aliyoyaogopa, mwishoni alibaki akikiogopa kimya. Mola amlaze pema, mahali ambapo hofu haimfikii.